Benchi la Picha Lijengewe Mkaaji

Mandhari si shida kwa mpigapicha wa Kericho au Bomet. Atoke Litein kuelekea Kapkatet, apande Mogogosiek au apitie Kapkoros, chai imemzunguka, na wateja wa mahafali, wa harusi na wa koito, yaani sherehe ya posa, wanataka kupigwa humo humo katikati ya majani. Shida huanza bibi harusi anapouliza atakaa wapi. Hapo kiti cha plastiki huazimwa kwa jirani, au kreti la soda hufunikwa leso, au mtu huambiwa achuchumae kando ya njia huku ameshika pindo la gauni lisiguse udongo mwekundu. Mpigapicha akichoshwa na hali hiyo huamua kutengeneza benchi la mbao la kubeba, na mara nyingi huanzia kwenye simu: hutafuta picha ya benchi linalopendeza, humwonyesha fundi na kumwambia, "Nitengenezee kama hili." Kwa maoni yangu kosa huanzia hapo. Benchi la picha lijengwe kwa kufuata mwili utakaolikalia na mteremko litakaposimamishwa, liwe imara kama benchi ambalo mzee hukalia kila jioni nje ya nyumba yake. Sura nzuri itatokana na hayo. Likijengwa kwa kufuata sura peke yake, kasoro zake zote zitaonekana kwenye picha, na zitaonekana usoni mwa mtu.

Mtazame mtu aliyekalia kitu asichokiamini. Mikono yake hushika ukingo wa ubao kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vikapauka. Mabega hupanda kuelekea masikioni. Vidole vya miguu hujikunja ndani ya viatu kutafuta ardhi. Mwambie atabasamu naye atatabasamu, lakini shingo imekakamaa, na picha ikishatoka mteja atasema tu kwamba "hakutokea vizuri" bila kujua sababu. Waliotutangulia katika kazi hii waliyaelewa hayo kwa lazima. Ufundi wa upigaji picha wa Daguerre ulipotangazwa Paris mwaka 1839, kamera ilihitaji mtu atulie muda mrefu, mwanzoni dakika kadhaa, na hata miaka iliyofuata ilikuwa bado sekunde nyingi. Ndiyo maana studio za zamani zilikuwa na kiti kizito, na nyuma yake kishikizo cha chuma cha kutegemeza kisogo. Kiti hakikuwekwa kupamba, kiliwekwa kumtuliza mtu. Kamera zikaharakishwa, kishikizo kikatupwa, lakini kiti na meza ndogo vikabaki katika studio za kila mahali, za mwambao wetu na za Zanzibar zikiwemo, na polepole watu wakaviona kuwa ni mapambo. Kazi ya kwanza ya kiti haijaondoka. Leo kamera inahitaji sehemu ndogo tu ya sekunde kunasa sura, lakini mtu bado anahitaji dakika mbili tatu kuzoea kutazamwa, na katika dakika hizo kinachomtuliza ni kile alichokikalia.

Tuanze na kimo, kwa sababu hapo ndipo mabenchi mengi yanayonakiliwa kwenye simu hukosea. Benchi fupi la sentimita 30 hivi huonekana la kuvutia likiwa tupu. Akilikalia mtu mzima, magoti hupanda juu na kusogea mbele ya kiwiliwili, na kwa kuwa kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa, hasa kwa kamera ya simu ambayo lenzi yake kuu ni pana, magoti hayo huumeza mwili. Katika nchi ya chai kuna sababu ya pili, na hii sijaona ikizingatiwa. Mchai unaochumwa hutunzwa uso wake uwe bapa, kwenye kimo cha kiuno cha mchumaji, tuseme sentimita 80 hadi 90 kutoka ardhini. Mtu mzima wa wastani aliyeketi ana karibu sentimita 60 kutoka kalio hadi bega. Mketishe kwenye benchi la sentimita 30, bega linafika 90, yaani sawasawa na uso wa chai iliyo nyuma yake. Mpigapicha akishusha kamera ilingane naye, mstari wa chai unamkata shingoni na kichwa kinabaki kama kilichowekwa juu ya majani. Mketishe kwenye sentimita 45, bega linafika 105, mstari unashuka kifuani, na mtu anatokeza juu ya shamba. Sentimita 15 tu zimefanya yote hayo. Kimo cha 45 humfaa pia mzee, ambaye kuinuka kutoka kiti kifupi ni adha. Mtoto mdogo miguu yake itaning'inia, na hilo halina ubaya. Miguu inayoning'inia hucheza, na mtoto anayecheza hupigika vizuri kuliko aliyeamriwa atulie.

Upana wa kalio, yaani sehemu ya kukalia, uwe sentimita 35 hivi, usizidi 38. Ukiwa mpana zaidi watu hurudi nyuma, mgongo hupinda na tumbo hujitokeza. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono benchi lenye egemeo. Egemeo huwaalika watu walegee, mbao zake hukata mabega katika picha, na hukulazimisha kupiga kutoka upande mmoja tu, hali shamba lina pande nne na mwanga wa Kericho hubadilika kila wingu linapopita. Urefu wa sentimita 120 huwatosha wawili waliokaribiana, au mama na watoto wawili. Najua wengi watataka 150 ili familia nzima ienee. Kumbukeni kwamba kunepa kwa ubao huongezeka kwa mchemraba wa urefu wake: ukitoka 120 hadi 150, uzito ule ule utaunepesha ubao karibu mara mbili. Familia kubwa wawili watatu wakae, wengine wasimame nyuma. Picha yenye vichwa vya vimo tofauti hupendeza kuliko vichwa vilivyopangwa kama chupa.

Sasa miguu, na hapa nitakaa kidogo. Shamba la chai ni mteremko, na udongo wa huku ni mwekundu, wenye kina, unaolainika mara tu mvua ikinyesha, nayo hunyesha karibu miezi yote, mara nyingi alasiri. Mababu wa Wakipsigis walitatua sehemu ya tatizo hili kwa kigoda cha miguu mitatu, ng'echeret, ambacho huchongwa kutoka kipande kimoja cha gogo. Miguu mitatu haichezi popote pale, kwa sababu nukta tatu daima hupata usawa wake. Mguu wa nne ndio unaoleta ugomvi. Benchi la watu wawili, hata hivyo, haliwezi kusimama kwa miguu mitatu bila kupinduka mmoja akiinuka, kwa hiyo inabidi tutafute njia nyingine. Chukua benchi la kawaida la miguu minne yenye ncha za sentimita 5 kwa 5. Watu wawili wa kilo 70 kila mmoja pamoja na benchi la kilo 18 ni kilo 158, na zote zinabebwa na sentimita 100 za mraba. Ni zaidi ya kilo moja na nusu kwa kila sentimita, na kwenye udongo uliolowa mguu mmoja utazama kabla ya mwingine. Badala yake, kila upande wa benchi usimame juu ya kipande cha mbao ya inchi 3 kwa 2 kilicholazwa, chenye urefu wa sentimita 36, kama mguu wa sleji. Sehemu ya katikati ya kipande hicho ichongwe chini iinuke kidogo, ili kiguse ardhi kwenye sentimita 12 za kila ncha peke yake na kisibembee juu ya jiwe. Upana wake baada ya randa ni kama sentimita 7, kwa hiyo eneo la kukanyagia sasa ni sentimita 336 za mraba, na mkandamizo umeshuka chini ya theluthi ya ule wa kwanza. Mteremko wenyewe utashughulikiwa na kabari mbili tatu za mbao zinazobebwa mfukoni. Ziwe pana kama kiganja, kabari nyembamba huzama pamoja na mguu.

Kuhusu mbao, mkulima wa huku ana tatu za kuchagua bila kwenda mbali. Mkaratusi, bulugamu kama wengi wanavyouita, upo kila upande kwa kuwa viwanda vya chai huuchoma kwenye boila. Ni mti mgumu, lakini ni mzito na hupasuka na kujipinda unapokauka, na mwenye haraka atajuta. Grevilea hupandwa mipakani mwa mashamba na ina madoa ya kung'aa kama mizani ya samaki ikipasuliwa vizuri. Ukiipata iliyokauka, ichukue. Saiprasi ndiyo rahisi kuliko zote kupatikana, ni nyepesi na hukubali randa. Nimesikia ikidharauliwa kuwa ni mbao ya paa na ya kumwagia zege. Anayeidharau aingie Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililowekwa wakfu mwaka 2015, atazame juu: dari yote ni vibanzi vya saiprasi, vimepangwa kati ya mbavu za zege, na hapana anayeingia akasema zimetumika mbao duni. Heshima ya mbao ile imetokana na mikono iliyoipanga.

Unene wa kalio uwe inchi 2. Wengi hununua mbao ya inchi 1 kwa kuhofia gharama, na hapa hesabu ni kali tena: ubao wenye unene maradufu una ukakamavu mara nane. Ubao wa inchi moja chini ya watu wawili hunepa, na watu hutelezeshwa kuelekeana bila kutaka, mabega yakasukumana. Njia ya kupata upana niliousema bila kupoteza mbao ni kuchukua vipande viwili vya inchi 6 kwa 2 na kimoja cha inchi 2 kwa 2 katikati yake. Jumla ni inchi 14, karibu sentimita 35, na nyufa ndogo mbili zinabaki za kupitishia maji. Tazama duara za mti kwenye ncha ya kila ubao kabla ya kuufunga. Ubao ukikauka hujikunja kuelekea upande uliokuwa karibu na gome. Ukiuweka upande wa moyo juu, mgongo wake ndio utakaoinuka, na maji yatateremka. Ukiugeuza, utapata bakuli refu lililojaa mvua ya jana, na mteja mwenye suti. Mbao ipangwe kwenye kivuli chenye upepo, ikitenganishwa kwa vijiti, kwa miezi kadhaa. Hewa ya Kericho ina unyevu na hapana njia ya mkato. Asiyeweza kungoja anunue iliyokaushwa, na aipime kwa mkono, kwa sababu mbao mbichi huwa nzito kupita inavyoonekana.

Misumari isitumike kwenye kalio hata mmoja. Mbao hupungua inapokauka, msumari haupungui, na baada ya miezi michache kichwa chake huchomoza milimita moja au mbili. Jicho halikioni, ila gauni la kukodi litakiona. Isitoshe, kutu na mvua hutiririsha michirizi myeusi kwenye mbao. Kalio lifungwe kwa bolti mbili kwa kila ubao, zinazopanda kutoka chini, zisitokeze juu, na tundu zake kwenye fremu ziwe ndefu kidogo kwa upana wa benchi ili mbao zipate kupumua. Fremu ya kila upande iunganishwe kwa ulimi na tundu pamoja na gundi isiyoyeyuka kwa maji. Kinachounganisha pande mbili ni mbao moja ya inchi 4 kwa 2 inayopita chini ya kalio kwa urefu. Ulimi wake upenye kipande cha kati cha kila fremu na kutokeza upande wa pili, kisha upigwe kabari. Kabari hiyo haitaki gundi wala skrubu. Kila watu wanapokaa inazidi kubana, na kazi ikiisha inagongwa mara moja kwa nyundo ya mbao, inatoka.

Hapo ndipo nawajibu wanaosema benchi imara ni zito na mpigapicha husafiri kwa bodaboda. Ni kweli kwamba benchi la saiprasi la vipimo hivi litafika kilo 15 hadi 18, na la mkaratusi litapita 25. Lakini likifunguliwa ni kalio, pande mbili na mbao moja, mzigo usiozidi sentimita 120 ambao hulala nyuma ya gari dogo au hufungwa kwa mpira kwenye kibebeo cha pikipiki. Wapo watakaosema kiti cha plastiki ni chepesi zaidi. Ndiyo, na rangi yake huakisiwa kwenye nguo nyeupe, miguu yake myembamba huzama, na hukalisha mmoja tu. Wengine wataniambia siku hizi programu ya simu huweza kumwekea mtu benchi lolote nyuma yake. Programu itachora ubao, haitamshusha mtu mabega. Na wapo wenye pingamizi la haki zaidi: kwamba kijana anayeanza kazi hana fedha za mbao ya inchi 2. Kwake nasema apunguze urefu, ajenge la sentimita 60 la mtu mmoja, kwa unene ule ule. Atumie nusu ya mbao za kalio na apate kitu kizima. Asinunue vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa kwa sababu ni vya bei rahisi; mbao iliyolowekwa sumu si ya kukalisha watoto.

Rangi nimeiacha hadi hapa kwa sababu wengi huanza nayo. Vanishi inayong'aa haifai. Anga ya Kericho huwa na mawingu saa nyingi, na mawingu hayo hujiakisi juu ya vanishi kama mkanda mweupe unaovuta jicho kuliko uso wa mtu. Saiprasi mbichi nayo ina manjano yanayoshindana na ngozi. Rangi inayokaa vizuri na chai ni kijivu cha mbao iliyozeeka kwa jua na mvua, na ya kuitengenezea ipo jikoni. Tia tonge la sufi ya chuma ya kusugulia sufuria katika nusu lita ya siki nyeupe, funika chupa bila kukaza, kwa sababu hutoa gesi, uiache siku moja au mbili. Chemsha chai kavu, konzi nzima kwa lita moja ya maji, mpaka iwe nyeusi, ipoe. Pakaa chai kwanza kwenye mbao iliyopigwa msasa, ikauke, kisha pakaa ile siki. Chuma kilichoyeyuka hukutana na tanini ya chai, na mbele ya macho yako, kwa dakika chache, ubao wa manjano hugeuka kijivu, halafu kijivu cha moshi. Saiprasi yenyewe ina tanini kidogo, chai ndiyo inayofanya kazi. Ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, kwa kuwa chai ikizidi rangi huwa karibu nyeusi. Osha, kausha siku mbili, pakaa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mara mbili, nyembamba, na ncha za chini za miguu uzinyweshe mpaka zikatae. Matambara ya mafuta hayo yatandazwe nje yakauke. Yakikunjwa na kurundikwa ndani huweza kushika moto yenyewe.

Kupitisha benchi shambani kuna adabu yake. Mashamba makubwa ya kampuni ni mali ya watu na ruhusa huombwa ofisini kabla ya siku ya picha. Kwa mkulima mdogo huombwa mlangoni, na ni vyema kujua siku za kuchuma, maana uso wa mchai ndio mshahara wake. Benchi likae kwenye njia au kwenye ukingo wa barabara ya shamba. Lisiegemezwe kwenye mche, wala mtu asipandishwe juu ya majani ili "atokee vizuri."

Kabla ya kumwita mteja wa kwanza, lipeleke benchi kwenye mteremko asubuhi inayofuata mvua kubwa. Waketishe watu wawili wenye miili, wakae dakika kumi, wasogee, mmoja ainuke ghafla mwenzake akiwa amekaa. Kisha liondoe utazame alama nne lilizoacha kwenye udongo. Zikiwa na kina sawa, miguu iko sawa. Moja ikizidi, lirudishe kwa fundi siku hiyo hiyo. Mwisho chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, usugue nacho kwa nguvu kalio lote, na hasa ukingo wa mbele ambapo gauni hukunjikia. Kikitoka na kijivu au mafuta, lirudishe kivulini wiki nyingine.